Maua Niliyoyajua kwa Mbegu

Katika miezi sita niliyokaa Illinois nilipanda maua ya aina kumi na moja, na sikuliona hata moja kati yake likichanua. Nayajua kwa mbegu tu. Najua ipi ni nyeusi na inang'aa kama imepakwa mafuta, ipi ni nyepesi hata pumzi ya mdomo huipeperusha, ipi huacha harufu ya utomvu kwenye vidole kwa siku nzima.

Sikwenda huko kwa ajili ya maua. Nilikwenda kulea mzazi. Mwanangu wa tatu, anayeishi Aurora, magharibi ya Chicago, alikuwa amejifungua mtoto wa pili, na kwetu mzazi haachwi peke yake na kichanga hata kama nyumba ina mashine ya kuosha vyombo. Nilikuwa na miaka sitini na tatu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka Katesh, chini ya Mlima Hanang, na sikuwahi kuvuka mpaka wa Tanzania. Nilibeba unga wa ulezi, kanga nne mpya na sweta mbili ambazo nilidhani zinatosha. Ndege ilitua wiki ya kwanza ya Oktoba.

Mtaa wa mwanangu ulikuwa na nyasi fupi za kijani, zimekatwa usawa mmoja nyumba hadi nyumba, isipokuwa uwanja wa jirani wa kushoto. Hapo mabua makavu yalisimama hadi kifuani, ya kahawia, meusi, mengine mekundu kama shaba, na vichwa vya maua yaliyokufa vimeinama juu yake. Niliuliza kama mwenye nyumba ni mgonjwa. "Hapana, Mama, ndivyo anavyopenda mwenyewe," mwanangu akanijibu huku akinyonyesha. Haikuniingia akilini. Siku ya tano nikatoka kwenda kumjulia hali, maana alikuwa mzee kunizidi na nilikuwa sijamsalimu tangu nifike.

Kiingereza changu ni cha darasani, lakini tulielewana. Alikata kichwa kimoja kikavu, akakigonga juu ya kiganja changu. Zikadondoka mbegu za rangi ya majivu, zenye pembe nne, ncha moja nyembamba kuliko nyingine. Mabua yale, alisema, ni maua yaliyo katika nusu ya pili ya maisha yake. Ndege huyala majira yote ya baridi, na kuna nyuki wadogo wanaolala ndani ya mashina. Kisha akaniuliza kama Jumamosi nina nafasi. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akijitolea kuvuna mbegu katika mbuga ya Nachusa. Mkwe wangu hafanyi kazi Jumamosi. Nikasema nitakwenda.

Barabara inanyooka kuelekea magharibi karibu kilomita 100. Pande zote mbili ni mahindi na soya, mashine za kuvuna zinatimua vumbi, na mbele hakuna kilima cha kumpumzisha mtu macho. Mzee akaniambia niangalie vizuri kwa sababu yote ninayoyaona yalikuwa mbuga. Mwanzoni mwa karne ya 19 Illinois ilikuwa na takriban ekari milioni 22 za nyasi ndefu zilizochanganyika na maua. Leo zilizobaki katika hali yake ya asili ni elfu mbili na kitu. Vipande hivyo vilinusurika kwenye makaburi ya walowezi, kandokando ya reli, na juu ya miinuko ya mawe, mahali ambapo jembe la kukokotwa halikupita.

Nilinyamaza kwa muda mrefu. Nilikuwa msichana mdogo matrekta yalipoanza kulima nyanda za Basotu, kwetu Hanang. Mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali, yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, yalifikia karibu ekari laki moja, na yalichukua sehemu bora ya malisho ya wafugaji wa Kibarabaig. Ujuzi wenyewe ulitoka kwenye mbuga za Kanada, ambazo nazo zilikuwa zimelimwa zikaisha. Nakumbuka udongo uliopinduliwa ukimetameta kama mgongo wa kambare, na sisi watoto tukishangilia. Miaka mingi baadaye nilifundisha watoto wa Kibarabaig ambao bibi zao walikuwa wakinyoosha mkono kuelekea kwenye ngano kuonyesha yalipokuwa makaburi ya wazee wao. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali pengine ningeweza kusimulia habari hiyo na msikilizaji akaielewa kabla sijaimaliza. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akapunguza mwendo, akakata kona ambayo haikuwa njia yetu.

Alinipeleka Grand Detour, kijiji kidogo kwenye kona ya Mto Rock. Hapo mhunzi mmoja kutoka Vermont, John Deere, alitengeneza jembe la chuma cha pua mwaka 1837. Udongo mweusi wa mbuga ulikuwa ukinata kwenye majembe ya chuma cha kawaida, mkulima akilazimika kusimama kila baada ya hatua chache kuukwangua. Juu ya chuma kile kilichong'arishwa uliteleza. Nembo ya jina lake, mnyama mwenye pembe anayeruka, nimeiona tangu ujana wangu kwenye matrekta ya kijani nyumbani, na sikujua kwamba jina hilo lilianzia kwenye karakana ya kijijini. Miaka mitano tu kabla ya jembe hilo, vita vya Black Hawk vya 1832 vilikuwa vimepiganwa katika bonde hilohilo la mto, na baada yake Wasauk, Wameskwaki, Waho-Chunk na Wapotawatomi walisukumwa ng'ambo ya Mto Mississippi. Watu kwanza, kisha nyasi. Nilitembea ukingoni mwa mto, nikarudi garini.

Nachusa iko dakika chache kutoka hapo. Shirika la The Nature Conservancy lilianza kununua ardhi mwaka 1986, kwa sababu ya vilima vyake vya mawe ya mchanga ambavyo vilimshinda mlimaji na kubaki na mimea yake ya kale. Mashamba ya mahindi na soya yaliyovizunguka yamekuwa yakinunuliwa na kurudishwa kuwa mbuga, kipande kwa kipande, kwa mbegu zinazovunwa kwa mikono. Tangu 2014 kuna hata nyati wa Amerika. Niliwaona kwa mbali asubuhi ile, madoa ya kahawia iliyoiva juu ya mteremko. Lakini nyati nimewazoea. Mimi nilikuwa natazama chini.

Walinipa ndoo yenye kamba ya kuvaa shingoni, glavu na mkasi wa kupogolea. Nilivyoelewa mimi, sheria zilikuwa mbili: usikate kilicho kibichi, na kwenye vilima vya asili usimalize, acha sehemu kubwa idondoke yenyewe. Tuliingia kwenye nyasi. Kwa ukubwa wangu wote zilinifunika. Ziko zenye mashuke yanayogawanyika vidole vitatu kama mguu wa kuku, ziko za rangi ya shaba zinazofika gotini tu, ziko zenye mashuke ya dhahabu laini kama mtama mdogo. Katikati yake ndipo maua yalipokuwa yamekaukia. Mmea mmoja, *Eryngium*, majani yake ni kama ya mkonge mchanga, na juu una vitufe vikavu ambavyo ukivibana kiganjani humomonyoka vyote kuwa mbegu na makapi. Mwingine, *Monarda*, hata ukiwa umekufa hunukia jikoni kabisa, kati ya mrehani na limau.

Kisha mzee akanionyesha mmea wa dira, ambao kwa jina la kitaalamu ni *Silphium laciniatum*. Bua lilikuwa limenipita urefu. Majani yake ya chini ni makubwa, yamekatikakatika kama ya mpapai, na hayalali. Husimama wima kama karatasi zilizochomekwa ardhini, na mengi huelekeza kingo zake kaskazini na kusini, ili uso wa jani upate jua la asubuhi na la jioni na kuliepuka lile kali la mchana. Nikalishika jani. Lilikuwa msasa. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Huu ni msasa huu!" Ikabidi nieleze. Kwetu msasa ni karatasi ya fundi seremala, lakini kabla ya karatasi ulikuwa mti, ambao majani yake makavu yalitumika kulainishia mbao, na karatasi ndiyo iliyorithi jina. Mzee alipitisha kidole gumba juu ya jani, polepole, kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza. Mzizi wa mmea ule, akaniambia, huweza kushuka mita nne na zaidi, na mmea mmoja huishi miongo mingi.

Mchana tulirudi bandani. Mbegu zilikuwa zimeanikwa kwenye maturubai, aina kwa aina, na watu wawili walikuwa wakichekecha kwa chekeche za waya mbele ya feni. Kazi ilikuwa inakwenda taratibu na mbegu nyingi nyepesi zilipotea na makapi. Niliomba sinia pana la plastiki. Hapakuwa na ungo, lakini mkono haujali. Nikamwaga magao mawili ya vitufe vilivyovunjwa, nikapeta kama ninavyopeta ulezi: rusha, pokea, tikisa kwa pembeni, makapi yajikusanye mbele, puliza. Baada ya muda mfupi mbegu zilibaki zimelala safi upande wangu. Watu walisogea. Mama mmoja wa makamo aliomba nimfundishe, nikasimama nyuma yake nikamshika viwiko kama nilivyoshikwa na bibi yangu. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na somo lile ni miongoni mwa yale nitakayoyakumbuka.

Niliondoka na bahasha kumi na moja za khaki. Mwanangu alikuwa na tuta dogo nyuma ya nyumba, analolima mchicha na figiri majira ya joto, na alikubali upande mmoja wake uwe wa maua.

Nilitaka kupanda kesho yake. Mzee akanizuia. Mbegu nyingi za mbuga ile hudondoka majira ya kupukutika majani, na kama zingeota kwa joto la siku chache za Oktoba, baridi ingeiua miche yote. Kwa hiyo kila mbegu imejifunga. Haifunguki mpaka ipite wiki kadhaa ikiwa na unyevu na baridi kwa pamoja. Baridi peke yake haitoshi, ukiiweka kavu kwenye friji itakaa miaka. Nililielewa jambo hili mara moja. Katika kitalu cha shule tulikuwa tukimwagia mbegu za migunga maji ya moto na kuziacha zipoe usiku kucha, maana pasipo hivyo ungengoja mwaka mzima. Mbegu imefungwa kule na imefungwa huku. Kwetu inangoja moto au tumbo la mbuzi, na kwao inangoja theluji.

Mwanzoni mwa Januari tulizigawa. Zile za jamii ya kunde, *Baptisia* na *Amorpha*, ganda lake ni gumu, na hapo msasa ukarudi, safari hii wa dukani. Unatandaza mbegu juu ya karatasi moja, unafunika kwa nyingine, unasugua kwa mzunguko hadi mng'ao uondoke, basi. Ukizidisha unafika kwenye moyo wa mbegu. Za *Silphium* na *Echinacea* nilizichanganya na mchanga uliooshwa, wenye unyevu wa kiasi ambacho ukiukamua mkononi hauchuruziki, nikazitia kwenye mifuko ya plastiki, nikaandika jina na tarehe, nikaziweka friji kwa siku 60. Mifuko ilikaa rafu ya chini, kati ya maziwa na chakula cha mzazi. Mjukuu wangu wa kwanza, wa miaka minane, alichora kalenda na kufuta siku moja kila jioni kabla ya kulala.

Mfuko mmoja niliuharibu. Ulikuwa wa mmea wa utomvu mweupe, *Asclepias*, ambao viwavi wa kipepeo mkubwa wa rangi ya chungwa hawali kitu kingine. Kipepeo huyo huruka kutoka huko hadi misitu ya milimani Mexico kupitisha baridi. Niliuonea huruma mchanga, nikaongeza maji, na wiki ya tatu nikakuta ukungu wa kijivu umefunika kila kitu. Nilikaa na mfuko ule mapajani nikiwa na uchungu ambao sikuutarajia. Mbegu zile nilizitoa kwenye maganda yake moja moja, zikiwa na nyuzi zake za hariri. Niliziosha kwenye chujio la chai, nikazibana kwa ukucha kutafuta zilizo ngumu, nikabadilisha mchanga. Kati ya hamsini nilirudisha kumi na tisa.

Aina zilizobaki, zile za mbegu ndogo kupita kiasi, hazikuhitaji friji. Kuna mmea unaoitwa *Veronicastrum* ambao mbegu zake gramu 28 tu zinafika laki nane. Ukizifukia hazioti, zinataka mwanga. Hizo hupandwa juu ya theluji. Siku ya kuzimwaga kulikuwa na baridi ya kuumiza meno. Tulichanganya kijiko kimoja cha mbegu na bakuli la mchanga mkavu, tukaenda kwenye tuta la mchicha, ambalo sasa lilikuwa mgongo mweupe tu, nikamwaga kwa mkono wa kulia nikitembea kinyumenyume. Mchanga na mbegu vilikaa juu ya weupe ule kama pilipili manga juu ya wali, na uzuri wake ni huo: unaona ulipomwaga na ulipopunja. Kisha kazi si yako tena. Theluji ikiyeyuka mchana na kuganda usiku, udongo hupasuka nyufa nyembamba na kujifunga, na mbegu huvutwa ndani kwa kina kinachozifaa. Mjukuu alitaka kuzifunika kwa reki. Nikamwambia, "Acha, mjukuu wangu, hapa mwenye shamba ni baridi."

Mwishoni mwa Machi mzee alinipeleka Nachusa mara ya mwisho, kuona moto. Tulisimama barabarani. Watu waliovaa nguo za manjano walipita na makopo yenye utambi, wakidondosha moto kwanza upande ambao upepo unaelekea, ili pale paungue polepole na kuwa kizuizi, na ndipo wakazunguka na kuuwasha upande wa upepo. Mabua yalipasuka kwa sauti ya bisi kwenye sufuria. Miali ilipanda kupita vichwa vyao, ikakutana na ile ya kwanza, ikazima. Haikuchukua hata nusu saa.

Sisi walimu tumewaimbisha watoto miaka yote kwamba kuchoma nyasi ni kuharibu nchi, na wafugaji wametutazama kwa uvumilivu. Leo ningelifundisha somo lile kwa namna nyingine. Mimea ile ina moyo wake chini ya ardhi, moto unapita juu yake na kuua vichaka na miti michanga inayotaka kuifunika, na ardhi iliyobaki nyeusi hupata joto upesi. Wenyeji wa kale waliichoma kwa karne nyingi. Kinachotofautisha moto na moto ni msimu, upepo, na mkono unaoushika. Pale Nachusa kila mwaka huchomwa baadhi ya vipande tu, vingine huachwa ili wadudu wapate pa kukaa. Majivu yalipopoa tuliingia. Yalikuwa bado na joto kupitia soli za viatu, na chini yake, nilipoyafukua kwa kidole, palikuwa na ncha za kijani zisizozidi punje ya mchele.

Dirishani kwa mwanangu, wakati huo, mbegu tulizozihamishia kwenye vikopo vya maziwa zilikuwa zimeota. Zile kumi na tisa za *Asclepias* zilitoa kumi na moja. *Echinacea* zilikuja na majani mawili ya mviringo, laini, yasiyofanana na kitu chochote. Mmea wa dira ulichelewa, kisha ukasukuma juu jani nene lenye mstari wa zambarau. Kikopo kimoja kilianguka kikapasuka, na mche wenye majani mawili, mfupi kuliko kidole changu kidogo, ukatoka ukiwa na mzizi mweupe ulionyooka urefu wa kiganja kizima. Tuliupima kwa rula, mimi na mjukuu, kabla ya kuurudisha kwenye udongo. Utachukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza.

Mzee alikuja kuniaga na bahasha nyingine ya mbegu, akasema nizipande Katesh nimkumbuke. Nilizipokea kwa mikono miwili, kisha nikamwomba radhi na kumrudishia. Nilimweleza kuhusu gugu karoti, jani lililotoka Amerika likafika Arusha, linalochukua malisho na kuwawasha watu ngozi, na ambalo halikuja kwa nia mbaya ya mtu yeyote. Aliitikia kwa kichwa, akaitia bahasha mfukoni, akaniomba badala yake nimwandikie majina ya maua ya nyanda za Hanang. Niliandika yale ninayoyajua. Yalijaza nusu ukurasa, na nusu nyingine niliyokosa kuijaza ndiyo niliyokwenda nayo kichwani hadi uwanja wa ndege.

Mjukuu alinisindikiza hadi mahali ambapo wasiosafiri hawapiti. "Bibi, nimwagilie kila siku?"

"Hapana. Tia kidole hadi mwisho wa ukucha. Ukikuta pakavu, mwagilia. Ukikuta unyevu, ondoka."

Akakitazama kidole chake, akakipima kwa kidole cha pili.

"Ukucha wangu au wako?"

"Wako. Ndiyo miche yako."